Huo ni mwarubaini kweli, ama ni ‘nusu’?

Ukishuka matatu pale Kitale asubuhi, kabla hata hujapata chai na mandazi, utamsikia. Spika imefungwa kwenye mwavuli, sauti ilirekodiwa kitambo na inajirudia bila kuchoka: malaria, taifodi, amoeba, presha, sukari, vidonda vya tumbo, chunusi, mba, nguvu za kiume. Ukikaa kidogo utasikia hata dawa ya kufungua biashara. Chini pametandikwa gunia. Kuna chupa za soda zilizooshwa na kujazwa maji ya kahawia, kuna magome, kuna mafungu ya majani makavu. Ukiuliza haya majani ni ya nini, jibu linakuja haraka: mwarubaini. Panda gari lingine, kama saa mbili hivi baadaye ushuke Bungoma, utembee kuelekea Kanduyi, ama uende Chwele siku ya soko. Jamaa mwingine, mwavuli mwingine, orodha ile ile.

Na usijifanye eti hujawahi. Kama hukubanwa pua na nyanyako ukanyweshwa kikombe kizima ukiwa darasa la tatu, basi kuna rafiki wa hosteli aliyekuambia uache kupoteza pesa hospitalini, chemsha tu majani, kunywa asubuhi na jioni, utakuwa fiti. Ama umeona kwenye simu dem fulani mwenye ngozi laini akijipaka uji wa kijani usoni, na wewe ukaenda kutafuta wako.

Sisemi nyanyako alikosea. Mwarubaini una kazi zake na nitazitaja. Lakini kwa mtu anayeishi Kitale ama Bungoma kuna mambo mawili ambayo video hizo hazisemi, na yote mawili yanaweza kukulaza wodini. La kwanza ni kwamba mti unaoitwa mwarubaini mtaani kwenu huenda si mwarubaini. La pili ni kwamba homa ya Kitale na homa ya Bungoma si kitu kimoja, hata kama zote mnaziita malaria.

Tuanze na mti wenyewe. Mwarubaini ni wa Bara Hindi. Wahindi wanauita nim, na kwa maelfu ya miaka umekuwa katika tiba yao ya Ayurveda: majani kwa ngozi, vijiti kwa meno, mafuta ya mbegu kwa chawa na vidonda. Ulipofika Pwani yetu Waswahili wakaupa jina la hesabu, yaani mti wa maradhi arubaini. Hiyo arubaini ni sifa tu, hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akayahesabu.

Wanasayansi pia hawaudharau. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani ya W.R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, hataza ya dawa ya ukungu wa mimea iliyotokana na mafuta ya mbegu hizo. Wahindi, akiwemo mwanaharakati Vandana Shiva, wakauliza: mnawezaje kumiliki kitu ambacho wakulima wetu wanakitumia tangu enzi za mababu? Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikagonga mwamba mwaka 2005. Watu hawapigani mahakamani miaka kumi kwa sababu ya jani lisilofanya kazi.

Na kazi lililo nalo inaonekana zaidi nje ya mwili. Mwaka 1992 watafiti nchini India walichapisha matokeo ya kuwapaka wagonjwa 814 wa upele uji wa mwarubaini na manjano, na wakasema asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hivyo tusiuinue sana, ila si porojo. Maji ya kusukutua yenye mwarubaini yamepimwa na kuonekana kupunguza uchafu wa meno na kuvimba kwa fizi. Kwa wadudu ndiyo usiseme. Kemikali yake moja, azadiraktini, humvuruga mdudu asile, asikue, asizae. Viwavijeshi walipovamia mahindi ya magharibi mwa Kenya mwaka 2017, dawa za mwarubaini zilikuwa kati ya zile ambazo wakulima walishauriwa kujaribu, na hadi leo utazipata kwenye agrovet.

Hapo kwa agrovet simama kidogo. Mafuta ya mwarubaini ya kunyunyizia mahindi yametengenezwa kwa ajili ya mahindi. Yamechanganywa na vitu vingine vya kuyafanya yashike kwenye jani. Usiyapake usoni kwa sababu chupa imeandikwa "asili", na usithubutu kuyanywa. Hata mafuta safi ya mwarubaini huwasha ngozi za watu wengine, kwa hivyo kama ni chunusi unatibu, jaribu kwanza tone moja lililochanganywa na mafuta mengine ndani ya mkono, usubiri kesho.

Sasa malaria. Ni kweli kwamba kwenye maabara dondoo za mwarubaini huua vimelea vya malaria. Muuzaji akikuambia hivyo hadanganyi. Anachoacha kusema ni kwamba vitu vingi sana huua vimelea ndani ya kichupa cha kioo, hata dawa ya kutoa madoa kwa shati jeupe itaviua. Swali ni kama ukimeza, kiasi cha kutosha kitafika kwenye damu yako, kikae muda wa kutosha, na kisikuue wewe kabla ya kimelea. Kwa mwarubaini jibu hilo halijapatikana kwa binadamu kwa namna ambayo daktari anaweza kukuandikia kipimo.

Linganisha na mmea mwingine, pakanga ya Wachina, Artemisia annua. Nao ulikuwa mti shamba wa homa, umeandikwa kwenye vitabu vya kale. Katika miaka ya 1970 mtafiti Tu Youyou na wenzake wakautoa kiini chake, artemisinini, wakakipima, wakakijaribu, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Vile vidonge vya AL unavyopewa zahanatini, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, vimetoka huko. Kwa hivyo ukisema "mimi natumia mitishamba" na unameza AL, uko sawa kabisa. Umekula mti shamba uliopimwa.

Labda kinachotuchanganya ni ladha. Wazazi wetu walitibiwa malaria kwa kwinini na klorokwini, vitu vichungu balaa, na klorokwini ilikuwa inawasha mwili mpaka mtu anajikuna ukutani. Akili ikazoea kwamba kichungu ndiyo dawa. Mwarubaini ni mchungu kuliko vyote hivyo, basi ukapewa alama bure.

Lakini watu wanapona, si ndiyo? Umeona kwa macho yako. Binamu yako wa Bungoma alikuwa na homa Jumatatu, akanywa, Alhamisi alikuwa uwanjani anacheza boli. Hapa ndipo ramani inapoingia.

Bungoma iko katika ukanda wa malaria ya kudumu, ule unaozunguka Ziwa Victoria. Ndiyo maana ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria ya watoto yaliyoanza mwaka 2019. Mtu mzima aliyekulia huko ameumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kujikinga nusu-nusu. Anaweza kushikwa na homa, akalala siku mbili, ikashuka yenyewe. Kikombe kilichokuwa mkononi siku hiyo ndicho kinachopata sifa. Kingekuwa cha mwarubaini, cha ndimu au cha supu ya matumbo, hadithi ingekuwa ile ile. Na hiyo ni kama homa yenyewe ilikuwa malaria. Mara nyingi ni mafua tu, na mafua huondoka yakitaka.

Panda sasa hadi Kitale. Mji uko kwenye mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 500 juu ya Bungoma. Baridi hupunguza mbu na huchelewesha vimelea kukua ndani ya mbu. Trans Nzoia inahesabiwa kati ya maeneo ya nyanda za juu ambako malaria huja kwa mlipuko, kisha hupotea. Raha, ila ina gharama yake. Kijana aliyekulia Kitale hana ile kinga ya binamu yake. Akienda kwa mazishi Bungoma wikendi mbili, arudi nyumbani, na baada ya siku kumi hivi aanze kutetemeka, kimelea kimempata mtu ambaye mwili wake haukijui.

Na huyo ndiye atakayepigiwa simu na binamu: chemsha mwarubaini, mimi ulinisaidia.

Malaria ya aina inayotawala kwetu, falsiparumu, isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kugeuka kuwa kali: figo, mapafu, ubongo. Hapo ndipo dawa "isiyo na madhara" inakuwa na madhara hata kama kikombe chenyewe kilikuwa maji matupu. Madhara yake ni siku mbili ulizopoteza. Ukiwa na homa pima kwanza. Kipimo ni tone la damu kidoleni, dakika 15 hadi 20. Ukishameza AL na bado unataka kunywa majani kwa ajili ya kumtuliza nyanya, mwambie daktari unachokunywa, hajazaliwa jana.

Sasa turudi kwa mti, maana hili ndilo jambo ambalo vijana wengi hawalijui kabisa.

Mwarubaini halisi ni mti wa joto. Nenda Kilifi, Malindi, Lamu, uko kila kona, unaota hata kwenye nyufa za ukuta. Hauipendi baridi. Bungoma unaweza kuuona kwa nadra, kwenye boma la mtu aliyeutunza, lakini Kitale ni shida kwake. Halafu kuna binamu yake, Melia azedaraki, naye ametoka pande hizo hizo za Asia. Huyu hana maringo, anapanda hadi mita 2,000 na zaidi bila kulalamika, anakua mbio, anatoa kivuli na kuni, kwa hivyo watu wameupanda uani, shuleni, kando ya barabara. Wajaluo wanauita dwele. Waswahili waliuangalia wakaona unafanana na mwarubaini lakini haufikii, wakauita mwarubaini nusu. Hilo "nusu" ni onyo, na njiani kuja huku magharibi limedondoka. Watu wanauita mwarubaini tu.

Nusu una sumu. Matunda yake ndiyo mabaya zaidi, yana kemikali zinazoitwa meliatoksini. Nguruwe wakiyala hufa, na binadamu amewahi kudhurika vilevile: kutapika, kuharisha, kuishiwa nguvu, kupumua kwa shida, degedege. Kibaya ni kwamba kiasi cha sumu hubadilika kutoka mti mmoja hadi mwingine. Ndiyo sababu jirani anaweza kukuambia ameunywa miaka kumi na hajawahi kuumwa, na ikawa kweli, na bado mti ulio kwenu ukakuangusha. Ndege wanakula matunda hayo bila tatizo, kwa hivyo usiwatumie kama maabara.

Kuutambua si kazi kubwa. Chukua kikonyo kimoja kizima cha majani. Cha mwarubaini halisi kina mshipa mmoja katikati, na vijani vimejipanga kulia na kushoto kama meno ya kitana, kila kimoja kimejipinda kidogo na kina msumeno ukingoni. Cha nusu mshipa wenyewe una matawi, na matawi hayo ndiyo yenye vijani, ni kama vitana vidogo vimeshikana kwenye kitana kikubwa. Maua ya mwarubaini ni meupe, ya nusu ni zambarau yenye harufu nzuri sana (ndiyo mitego hiyo). Tunda la mwarubaini ni refu kidogo kama zeituni. La nusu ni mviringo kama golori, njano likiiva, na hubaki likining'inia kwa vichala hata mti ukishapukutisha majani yote. Ukilivunja kokwa lake lina mifereji na tundu katikati, ndiyo maana sehemu nyingine duniani hutengenezewa shanga za rozari. Kama umekulia Kitale huenda umeyarusha kwa manati ukiwa mtoto.

Majani yakishakauka na kusagwa, maelezo haya yote hayana maana. Unga wa kijani ni unga wa kijani. Kwa hivyo ukiona unga wa "mwarubaini" Kitale, ama umesafiri kutoka mbali, ama si mwarubaini. Muulize muuzaji ni upi. Akikuambia aliuchuna hapo hapo nyuma ya shule, umepata jibu lako.

Hata ukiwa na hakika ni mti halisi, kuna watu ambao hawafai kuunywa kabisa. Watoto wadogo ndio wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarubaini, vijiko vichache tu, wakaishia kutapika, kusinzia na kupata degedege, na wengine wakafa. Ukiwa na mdogo wako nyumbani au tayari ni mzazi, mafuta hayo yawekwe juu kabisa ya kabati.

Wa pili ni dem mwenye mimba, au mnaojaribu kupata. Mafuta ya mwarubaini yamechunguzwa India kama njia ya kuzuia mimba, na katika wanyama dondoo zake zimepunguza uzazi na kuharibu mimba changa. Na kwa hapo niseme wazi, kwa sababu najua kuna wanaoisoma sentensi hiyo kama mapishi: kunywa kikombe kikali ili "kutoa" hakuna kipimo, hakuna uhakika, na kunaweza kukupeleka wewe pamoja na figo zako. Wavulana pia, yule anayewauzia mwarubaini kama dawa ya nguvu za kiume anawauzia mti ambao majaribio kwa wanyama wa kiume yameonyesha unapunguza mbegu.

Wa tatu ni mwenye kisukari. Mwarubaini hushusha sukari kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Kama mzee wako anatumia insulini au vidonge, na wewe kwa nia njema unamletea chupa kutoka mjini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi usiku akiwa amelala.

Sasa utaniuliza, kwa nini watu bado wanajaa pale kwenye mwavuli? Jibu unalijua. Chupa ni shilingi mia, na muuzaji hakuulizi kama umelipia SHA. Zahanati unafika saa mbili, saa saba bado uko kwenye benchi, halafu unaambiwa dawa zimeisha, nenda ununue nje. Yule jamaa wa mwavuli anakusikiliza, anakuita ndugu, anakushika bega. Huduma hiyo haimo kwenye vidonge. Nikiwa mkweli, serikali za kaunti zingejaza rafu za AL na vifaa vya kupimia kila mwezi, spika nyingi zingekosa wateja bila askari kumfukuza mtu.

Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya asili na inataka iwekewe utaratibu, na Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosajili bidhaa za mitishamba. Taasisi ya utafiti ya KEMRI ina kituo kizima cha kuchunguza dawa za kienyeji. Kwa hivyo mitishamba si haramu, na wapo waganga wanaoijua kazi yao vizuri sana, wanaokutajia mti, sehemu ya mti, na kukukataza usichofaa kupewa. Tatizo ni chupa ya soda isiyo na jina, isiyo na tarehe, na mwenye kuiuza kesho yuko Webuye. Ukiumwa utamtafuta wapi? Daktari akikuuliza umekunywa nini utamwambia rangi?

Kwa hivyo mara nyingine ukishuka pale steji na ile sauti ianze malaria, taifodi, amoeba, msogelee jamaa kwa heshima, maana naye anatafuta unga. Muombe kikonyo kibichi chenye majani yake yote. Kisha muulize, boss, mti wako unatoa maua meupe ama ya zambarau?